Aliyefiwa na Mke Mwenzake

Mama alipofariki Tanga mwaka 2019, ubani tulipewa sisi watoto. Ndiyo desturi. Mgeni akiingia chini ya turubai huuliza wafiwa wamekaa wapi, huoneshwa jamvi lenye watoto wa marehemu na ndugu zake wa tumbo moja, huinama, hutoa mkono, husema pole, na noti iliyokunjwa huhama kiganja. Mimi ni mtoto wa kwanza, kwa hiyo noti nyingi ziliishia kwangu, mtu niliyeshuka stendi mchana uleule kutoka Morogoro. Aliyempa Mama kijiko chake cha mwisho cha uji alikuwa uani, anachagua mchele wa kuwapikia watu wa msibani. Sikuona aliyemshika mkono. Alikuwa mke mwenza wa marehemu, na kwa hesabu za msiba, mke mwenza hafiwi.

Tulimwita Bi Mdogo. Baba alimwoa mwishoni mwa miaka ya 70, mimi nikiwa mtoto wa shule ya msingi, na Mama alimpokea kama wanawake wengi wa pwani wanavyompokea mke mwenza: kwa adabu mbele za watu na kwa kanga watu wakishaondoka. Asubuhi mmoja akipita ukumbini na kanga yenye kijembe, jioni mwenzake ataijibu. Redio ikipiga taarabu za Tanga, za Black Star au Lucky Star, aliyekuwa nayo chumbani aliongeza sauti pale maneno yalipomfaa. Sisi watoto tulijua kusoma vita ile kabla hatujajua kusoma gazeti.

Aliyeiharibu ni Baba. Alikuwa karani bandarini, mtu wa dini aliyeogopa mno kuja kuulizwa juu ya uadilifu, na kila alicholeta alileta viwili. Doti ya kanga kwa Mama ilikuja na doti ya Bi Mdogo, rangi ileile, maneno yaleyale. Na huwezi kumpiga mtu kijembe kwa nguo ambayo na yeye ameivaa. Miaka ya mwanzo ya 80, sukari na sabuni zilipokuwa za foleni, nyumba mbili zikamshinda, akawahamishia wote nyumba moja pale Ngamiani. Mama akapewa chumba cha kulia, Bi Mdogo cha kushoto. Sukari ya mgao aliipima kwa kikombe kimoja, akikisawazisha juu kwa ubapa wa kisu, wake zake wakiwa wamesimama pembeni kama mashahidi.

Baba akafa mwaka 1997. Hapo ndipo niliona kwa mara ya kwanza jinsi msiba unavyoweza kumpa mtu mahali pa kukaa. Wote wawili waliingia eda siku moja: miezi 4 na siku 10, bila wanja, bila udi, bila kutoka nje ila kwa dharura. Watu walikuja kuwaona, wakawaletea vyakula, wakateremsha sauti wakipita dirishani. Hata mirathi iliwahesabu pamoja. Mume akiacha watoto, wake hupata thumni, na wakiwa wawili huigawana sawa. Kwa hiyo kila mmoja alipata fungu moja katika mafungu kumi na sita. Bi Mdogo hakujaaliwa mtoto, na ndugu zake wa Pangani walitarajia kwamba eda ikiisha atafunga virago arudi kwao. Hakurudi. Kwa miezi ile, wanawake wawili waliokuwa wakigombea zamu walikuwa hawana mtu mwingine wa kuzungumza naye usiku, na mazungumzo yalipoanza hawakujua tena namna ya kuyakatisha. Mimi huamini kwamba eda ya Baba ndiyo ndoa yao wao wawili.

Walianza kuuza vitumbua barazani. Mchele uliloweshwa mchana, jioni ukasagwa, usiku ukaumuka na hiliki na tui, na kabla ya alfajiri jiko lilikuwa tayari. Bi Mdogo alimimina, Mama aligeuza. Sijawahi kuona kazi hiyo ikifanywa kinyume. Mama alisema Bi Mdogo hana subira ya kugeuza, hugeuza ndani kukiwa bado mbichi. Bi Mdogo alisema Mama ana mkono mzito, akimimina vishimo vyote hufurika. Kwa miaka zaidi ya 15 wanafunzi wa Ngamiani na vibarua wa bandarini walikula vitumbua vilivyotokana na mabishano hayo. Nikija likizo nililala chumba cha Mama, nikawasikia saa kumi usiku wakinong'ona wasiniamshe, na baada ya kitambo kidogo minong'ono inapanda, wanabishana tena, naamka.

Mwaka 2014 Mama akapata kiharusi, ubavu wote wa kulia. Mimi ni muuguzi, na nimeona wagonjwa wengi wa kiharusi wakifia vidonda vya mgongo, si kiharusi chenyewe. Mama hakupata hata kidonda kimoja kwa miaka mitano. Nilimfundisha Bi Mdogo mara moja kwamba mgonjwa wa kulala ageuzwe kila saa mbili au tatu, akaniuliza hata usiku, nikamwambia hata usiku. Basi. Alihama chumba cha kushoto, akatandika mkeka chini ya kitanda cha Mama, na tangu siku ile mwili wake ukawa saa. Mchana alimtoa, akamketisha kwenye kiti cha plastiki karibu na jiko. Sasa alikuwa anamimina na kugeuza mwenyewe, na Mama, kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki, anamwambia bado, bado, haya geuza.

Waliomwosha Mama ni Bi Mdogo na wazee wawili wa mtaa. Niliingia nikasimama na kopo la maji. Walipofika mgongoni, mmoja wa wale wazee alipitisha kiganja juu ya ngozi, akamtazama Bi Mdogo, akasema, "Mwenyezi Mungu akulipe." Ndizo sifa pekee nilizosikia akipewa katika msiba mzima. Kisha karafuu maiti, sanda, jeneza likatoka na wanaume, na sisi wanawake tukabaki ndani kama ilivyo ada.

Siku ya tatu tanga likaanuliwa. Turubai likarudi kwa mwenyewe, wajomba wakapanda basi, nami baada ya siku chache nikarudi kazini. Tulikutana tena kwa arobaini. Hitima ilisomwa, pilau ikaliwa, mtoto wa mdogo wangu aliyekuwa akisoma sekondari akaachwa pale nyumbani amfanyie bibi yake mdogo wenzi. Kila mtu alikuwa na hisia kwamba jambo limefungwa vizuri. Mimi mwenyewe nililia, nikaota ndoto, nikawa na wiki mbaya na wiki nafuu, na kufikia mwisho wa mwaka ningeweza kumtaja Mama katikati ya maongezi ya kawaida sauti isipasuke. Nilimpenda Mama kwa moyo wangu wote. Lakini maisha yangu ya Jumatatu mpaka Ijumaa hayakubadilika kwa kufa kwake.

Ya Bi Mdogo yaliisha yote. Yule binti alinipigia simu, hata mwaka haujafika, akasema bibi huamka kila usiku, saa sita, saa tisa, anakwenda kitandani kwa marehemu, anasimama, anapapasa shuka, anarudi kulala. Asubuhi anapika uji mlaini usio na sukari, uji wa mgonjwa, halafu anaumwaga. Jiko la vitumbua liko uani limepata kutu. Hapokei mwaliko wa harusi. Mtu akisema "marehemu" anainuka, kwa sababu kwake Mama hakuwa marehemu, alikuwa "mwenzangu". Anakula, ila kidogo. Anaswali. Ukimchekesha anacheka, kisha anageuka upande wa kile kiti cha plastiki aone kama na mwenzake amecheka.

Mtaa ukaanza kusema. Kwanza kwa huruma, halafu kwa mshangao, mwisho kwa ubaya. Hata mume hakumlilia hivi. Mke mwenza analiliwa mwaka mzima? Na palipo na mke mwenza aliyekufa, ulimi wa mtu hauko mbali na tuhuma: huenda kuna alichomfanyia, sasa kinamtafuna. Maneno hayo yalifika masikioni mwa ndugu yangu mmoja wa kiume, naye kwa nia njema akamchukua Bi Mdogo akakae naye Dar es Salaam, abadilishe hewa, asahau. Ni dawa tunayoipenda sana, kumhamisha mfiwa. Huko alikaa ghorofani, hana uani, hana mtu hata mmoja aliyewahi kumwona Mama akiwa mzima. Baada ya mwezi mmoja akaomba nauli.

Alipita mzee mmoja wa dini, jirani, akamkumbusha kwamba mwanamke hana ruhusa ya kukaa katika maombolezo zaidi ya siku tatu ila kwa mume. Bi Mdogo alimjibu kwa adabu, "Shekhe, hizo siku tatu ni za nguo na manukato. Mimi nimeoga, nimejitia mafuta, nimevaa kanga mpya. Unanikataza nini?" Mzee akanyamaza, na nadhani alinyamaza kwa sababu alikuwa mwanachuoni wa kweli. Waliosoma wanajua tofauti ya maombolezo ya mwilini na huzuni ya moyoni. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na wanawe ndio waliomlaumu kwamba hatamwacha kumkumbuka hadi ajiangamize. Mwenyezi Mungu hakumlaumu. Na Mtume, miaka mingi baada ya Bibi Khadija kufariki, alikuwa akichinja mbuzi huwapelekea nyama marafiki wa Khadija, hata Bibi Aisha akasema kwamba hajamwonea wivu mke yeyote kama alivyomwonea Khadija, ambaye hakumkuta hai. Hadithi hiyo tuliisikia tangu utotoni kama kisa cha wivu. Siku hizi naisoma kama kisa cha mtu ambaye hakuona haja ya kumaliza kumkumbuka mtu.

Hata hivyo mimi ni muuguzi, na muuguzi hawezi kuishia kwenye visa. Kwanza nilidhani ni sonona. Haikukaa vizuri. Mtu wa sonona dunia yote humfifia, yeye mwenyewe akiwemo. Hujiona hafai, hapendi chochote. Bi Mdogo hakujichukia. Uchungu wake ulikuwa na anwani. Ulielekea kwa mtu mmoja, saa maalumu, kazi maalumu. Ndipo nikakumbuka semina tuliyopewa kuhusu toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika rasmi Januari 1, 2022. Ndani yake kuna ugonjwa ambao matoleo ya zamani hayakuwa nao: huzuni ya kufiwa isiyokwisha. Alama zake kuu ni hamu isiyotulia ya kumtaka aliyekufa, au mawazo kumganda yeye tu, pamoja na maumivu makali ya moyo, na maisha ya mfiwa kukwama, kwa muda usiopungua miezi 6. Wenzetu wa Marekani waliuingiza katika kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka huohuo, wao wakasubiri miezi 12 kwa mtu mzima. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba katika watu wazima kumi waliofiwa, mmoja hivi huingia humo.

Wapo wanaokasirika kusikia huzuni imepewa jina la ugonjwa, na ninawaelewa. Kilio si maradhi. Lakini mimi nilichokiona kwenye maelezo yale ni kitu kingine. Yanataka huzuni hiyo iwe imezidi kwa wazi kile ambacho jamii ya mfiwa, mila zake na dini yake, inakitarajia. Ni sharti la busara, limewekwa ili mjane wa Kihindi au mama wa Kimasai asipimwe kwa kalenda ya New York. Sasa mlete Bi Mdogo kwenye mizani hiyo. Jamii yake inamtarajia mjane miezi 4 na siku 10. Inamtarajia mtoto arobaini, na baada ya hapo inamvumilia. Mke mwenza inamtarajia siku ngapi? Hata moja. Kwa kipimo hicho alizidi kiwango tangu jioni ya maziko, angali anachagua mchele.

Msiba wetu ni mwerevu, nasema hivi nikiwa nimeuona wa kwetu na wa wengine. Turubai, jamvi, sufuria kubwa, watu kulala nyumbani kwa mfiwa asibaki peke yake, siku zilizopangwa moja baada ya nyingine: hakuna hospitali inayoweza kuandaa tiba kama hiyo kwa saa sita. Ila unamtafuta mgonjwa wake kwa nasaba. Unauliza nani alimzaa, nani alizaliwa naye, nani alimwoa. Hauulizi nani alimgeuza usiku. Mmarekani mmoja, Kenneth Doka, alikusanya mwaka 1989 kitabu kizima juu ya huzuni za aina hii, za watu ambao jamii haiwatambui kuwa wamefiwa: mtalaka, mpenzi wa siri, rafiki, mwenzi wa kazini. Mke mwenza sikumkuta katika orodha zao, na si ajabu. Huko hawaishi naye. Sisi tunaishi naye, na tuna wengine: dada wa kazi aliyemlea mtoto akafa mikononi mwake, utingo aliyekuwa na dereva wake barabarani miaka kumi. Utingo yule atapewa siku moja ya ruhusa, na keshoye gari jipya.

Tunaposema fulani alikuwa karibu na marehemu, huwa tunafikiria mapenzi. Mimi nafikiri tuangalie zaidi mambo ya siku. Ni mara ngapi, tangu jua linapochomoza mpaka linapozama, mkono wa huyu ulikuwa unaungojea mkono wa yule? Mtafiti Mary-Frances O'Connor na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti mdogo wa wanawake 23 waliofiwa na mama au dada kwa saratani ya matiti. Waliwapiga picha za ubongo wakiangalia picha na maneno ya kuwakumbusha marehemu. Wote walionesha maumivu. Lakini wale 11 ambao huzuni yao haikuwa ikipoa waliwaka pia katika sehemu ya ubongo inayohusika na kutazamia kupata, sehemu ileile inayoamka mtu anapokaribia kitu anachokitaka. Niliposoma hayo nilimwona Bi Mdogo saa tisa ya usiku, kiganja juu ya shuka. Hakuwa anamkumbuka Mama. Alikuwa anamtafuta.

Sikuwa na mtaalamu wa kumpeleka aliyejua tiba ya jambo hili. Tiba ipo. Katherine Shear, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, aliijaribu, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 2005. Ina vikao 16, na kiini chake ni kwamba mfiwa anasimulia kifo chenyewe, kwa sauti, macho yamefumbwa, anarekodiwa, halafu anakwenda nyumbani kujisikiliza, anarudi kusimulia tena. Baadaye walijaribu kuongeza vidonge vya sonona. Vilipunguza sonona, huzuni yenyewe havikuiongezea nafuu ya maana. Nilikuwa na simu na vifurushi vya usiku, basi. Sikumfanyia tiba, na wala sishauri mtu ajifanye daktari. Mfiwa anayesema anataka kumfuata marehemu, au aliyeacha kula, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mimi nilianza tu kumpa pole. Nilimpigia nikasema, "Shikamoo Bi Mdogo. Pole kwa msiba." Mwaka wa tatu ule! Akanyamaza kidogo. "Marahaba mwanangu," akasema, "mbona wanipa mimi?" Nikamwambia, "Kwa sababu uliyefiwa ni wewe. Nihadithie ilivyokuwa."

Alinihadithia. Wiki iliyofuata akanihadithia tena. Habari ilikuwa ileile: Mama hakulala, alikoroma vibaya, alfajiri alikunywa uji vijiko vitatu, akageuza uso ukutani. Kila mara ilianza palepale na kuishia palepale ukutani. Niliijua kwa moyo. Halafu usiku mmoja haikuishia ukutani. Akasema, "Mwanangu, roho ilipotoka, mimi nilisema Alhamdulillahi kabla sijasema Inna lillahi." Akarudia, pengine sikusikia vizuri. Alikuwa amechoka. Usiku ule alikuwa ameamka kila baada ya nusu saa, mgongo unamuuma, na pumzi ya Mama ilipokatika, kitu cha kwanza alichokisikia moyoni mwake kilikuwa nafuu. Kumshukuru Mungu katika msiba si dhambi, ni uchamungu, na mtu mwingine angejificha hapo. Yeye hakujificha. Alijua alichomaanisha. Na wakati mtaa unanong'ona kwamba kuna alichomfanyia mwenzake, yeye alikuwa ndani anakubaliana nao.

Nilishukuru kwamba nina kitu cha kumwambia kisicho kibembelezo. Mwaka 2003 Richard Schulz na wenzake walichapisha utafiti wa watu 217 waliokuwa wakiwauguza jamaa zao wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Baada ya kifo, asilimia 72 ya wauguzaji hao walisema kwamba kifo kile kiliwapa nafuu wao wenyewe. Hawa si watu waliowachukia wagonjwa wao. Nilimweleza: katika watu kumi walioamka usiku kama wewe, saba walisema Alhamdulillahi yako. Akauliza, "Wazungu?" Nikamwambia ndiyo, Marekani, na humo nadhani hawakuwa Wazungu tu. Akauliza, "Na wao waligeuza kila saa tatu?" Sikuwa na jibu la hilo. "Basi," akasema, "wangegeuza kila saa tatu wangekuwa kumi kwa kumi."

Sitaki kuandika kana kwamba usiku ule ulimaliza jambo. Aliendelea kuamka saa tisa. Kilichobadilika kwanza ni kwamba aliacha kuumwaga uji. Alianza kuupeleka nyumba ya tatu, kwa mzee aliyekuwa amepata kiharusi na binti zake hawajui wamshike vipi. Huko akaona kidonda kinaanza kwenye kiuno, akawagombeza, akawaonesha namna ya kumgeuza kwa shuka mgonjwa asiburuzike. Habari ikaenea. Leo ukiwa na mgonjwa wa kulala mitaa ile utaambiwa mwite Bi Mdogo, na watu wanamwita, na wanampa heshima yake. Suala la nyumba pia liliamuliwa. Mjomba mmoja alikuwa akiuliza inauzwa lini, kwa sababu kwa mirathi ya Mama mke mwenza hapati kitu, na katika nyumba ya Baba ana lile fungu moja la kumi na sita. Sisi watoto tulikaa, tukakubaliana kwamba nyumba haiuzwi Bi Mdogo akiwa hai, tukaandikiana. Jiko la vitumbua alilisugua kutu yeye mwenyewe. Anauza Ijumaa na Jumapili tu, yule binti anageuza.

Lakini mimi nilijua amepata nafuu kwa jambo jingine. Kwa miaka ile yote Mama katika maneno yake alikuwa malaika. Mwenzangu hakuwahi kunikosea. Mwenzangu alikuwa na subira. Nilikuwa nikisikiliza nikijiuliza anamzungumzia nani, maana mimi nimezaliwa na mwanamke yule na ninajua mdomo wake. Mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani, nilimpigia baada ya tarawehe, nikamkuta amekasirika. Alikuwa akipekua kasha la Mama, kutafuta kanga za kugawa sadaka, akakuta chini kabisa doti nzima, mpya, haijakatwa.

"Unaijua hii?" akaniuliza, kana kwamba naiona kwenye simu. "Hii ni ya kwangu. Baba yako alileta mbili mwaka ule wa foleni, mimi nimekwenda Pangani kwa msiba wa kaka yangu. Nikarudi nikaambiwa safari hii ameleta moja. Mimi nikamnunia marehemu mume wangu mwezi mzima, masikini, anaapa kwa Mungu kwamba ameleta mbili, simwamini. Kumbe mama yako ameilalia! Miaka arobaini! Tumelala chumba kimoja, nimemwogesha, nimemlisha, ananiangalia usoni, doti yangu iko chini ya kitanda!"

Nikamuuliza ataifanya nini.

"Nimeshaikata," akasema. "Naivaa. Na maneno yake bado yanamhusu."

Halafu akaendelea kunitajia mengine, la hiliki, la redio, la ile hela ya mkaa, mpaka kifurushi changu kikaisha.